Maneno ya Watu Kinywani mwa Dama

Mama mkwe wangu anaitwa Dama. Huku kwetu, upande wa chini wa Garsen, wakulima na wafugaji wanapokutana kwa maneno mazito, yeye ndiye husimama katikati. Mkulima akisema, Dama huyarudia kwa Kiorma. Mfugaji akisema, huyarudia kwa Kiswahili, au kwa Kigiriama kama mbele wamekaa wazee wetu wasiopenda Kiswahili. Barua za chifu humwita mkalimani. Watoto wakitoka shule humwita kasuku, kisha hutimua mbio. Waorma nao wana neno lao wanalomwita, ambalo ulimi wangu haujalipata sawasawa mpaka leo.

Yeye mwenyewe hayataki majina yote hayo. Siku moja tulikuwa tukipukuchua mahindi, nikamwambia, "Mama, jana ulimwiga Mzee Bonaya hata nikadhani ndiye."

Akaliweka gunzi chini. "Sikumwiga. Kuiga ni kuchukua sura ya mtu ukawachekeshe watu. Mimi nilimfuatisha."

"Si ni kitu kimoja?"

"Nani kakwambia? Mtoto wa shule anakariri, maneno yapo, moyo haupo. Mwenye kiherehere anadakia, mwenzake hajamaliza yeye keshasema. Mfitini naye anarudia, lakini njiani keshatia chumvi yake. Anayefuatisha anaweka mguu pale pale mwenzake alipouinua. Akichechemea, nawe uchechemee. Akilia, ulie. Usiongeze, usipunguze." Akacheka, pengo lake la mbele likaonekana. "Na ukimaliza, urudi kwako. Hapo ndipo penye kazi."

Kiorma alijifunza kwa ajili ya maziwa. Baba yake alihama kutoka upande wa Magarini akaja kulima kando ya Tana, na kila asubuhi alimtuma Dama, msichana wa miaka minane hivi, apeleke kibaba cha mahindi kwenye kambi ya ng'ombe arudi na maziwa. Pale kambini palikuwa na bibi mmoja, Mumina, mwenye kigugumizi. Dama alikishika kigugumizi kile kabla hajashika maana ya maneno yenyewe. Akawa akiwachekesha wasichana wenzake kwacho, na siku moja wenzake wakanyamaza ghafla. Kugeuka, bibi yuko nyuma yake na kibuyu mkononi.

Hakupigwa. Bibi alimkalisha chini, akamwambia arudie kila neno atakalolisema mpaka aache kucheka. Wakaanza asubuhi. Bibi alitaja ng'ombe zake. Akataja miaka ya ukame. Akataja watoto wake waliokufa, mmoja mmoja, akikwama kwenye kila jina. Saa tisa mchana Dama alikuwa akikwama pale pale alipokwama yule bibi na hacheki tena. Alirudi nyumbani na maziwa yake, baba yake akamchapa kwa kuchelewa. Hadithi hiyo kanisimulia mara nyingi, na kila mara anapofika kwenye majina ya wale watoto sauti yake hubadilika, na mimi hupenda nipate kazi ya kufanya jikoni.

Mikutano yetu hufanyika kwenye josho la ng'ombe, pale penye bati na ukuta mfupi. Ina utaratibu wake. Mwenye maneno husema akiwa amekaa, macho chini, tena polepole. Hakuna anayemtazama wala kumjibu. Akimaliza, Dama husimama, na hapo ndipo watu huinua macho. Hasira yote humwendea yeye. Ananyooshewa vidole, anatukanwa, mwaka juzi mtu alimtupia kiatu. Yeye hugeuka upande wa pili akarudisha vilevile, isipokuwa kiatu. Mzee Bonaya, mkubwa wa wafugaji wa huku, husema wameepuka mengi kwa njia hiyo, kwa kuwa mtu hana haja ya kumchukia jirani yake ikiwa anaye Dama wa kumchukia kwa saa mbili.

Na mkutano ukiisha, mwenye maneno hatajwi. Ukimuuliza mtu wa kijijini, "Kule josho nani alisema vile?" atakujibu, "Dama alisema." Imekuwa mazoea, imekuwa na utani. Hata mume wangu Nzai, nikimuuliza nani kaimaliza sukari, hunijibu, "Dama alisema."

Mwezi wa pili mwaka huu jua lilikuwa kali. Mto ulishuka mpaka fukwe zikatoka nje, na ng'ombe wakaja wengi, wa hapa na wa mbali. Jirani yetu Jairus, ambaye mguu wake mmoja ni mbovu tangu utotoni, aliliwa pojo na mahindi mara tatu. Mkutano ukaitwa.

Nilikwenda, nikasimama nje ya ukuta na mwanangu Mitchelle mgongoni. Ana miezi tisa. Jairus alikaa, akasema yake macho chini: ng'ombe akirudi shambani kwake atamkata, na mwenye ng'ombe akija kumtetea atamkata juu ya ng'ombe wake, amechoka, panga analo na amelitia makali. Alisema kama mtu anayejisemea.

Dama akasimama. Akauweka mguu wake mmoja kama mguu wa Jairus. Akakohoa kikohozi cha Jairus. Halafu Kiorma kikatoka, kikali na kizuri, mkono wake ukikata hewa, na wale wafugaji ukutani wakanyooka migongo. Mimi Kiorma nasikia maneno ya sokoni tu, ya maziwa na samli. Nilichoona ni mama mkwe wangu amekuwa mrefu kuliko alivyo. Nikatoa simu nikarekodi. Nilipata sekunde thelathini na nane, simu ikaandika kwamba imejaa.

Kwa hiyo sikuyarekodi yaliyofuata. Mzee Bonaya alijibu kwamba mtu kama huyo hakuzaliwa na hasira, amechoshwa, na waliomchosha ni wao wafugaji. Lakini akauliza, malka imepandwa na nani? Malka ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni, ya zamani, kila mtu anaijua. Watu wetu wakatazamana. Mahindi yalikuwa yamepandwa ndani ya malka, na mistari miwili ilikuwa ya Jairus mwenyewe. Wakapatana: wakulima wafungue malka, wafugaji waweke watu wa kuisimamia. Tukarudi nyumbani tukicheka.

Jioni ile nikamtumia dada yangu Kadii ile video. Ameolewa Bura, kwenye mashamba ya mfereji. Nikamwandikia, "Ona mavyaa wangu anavyokisema Kiorma." Kadii naye akaona fahari, akaiweka kwenye status yake.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Nzai alikuja na pikipiki bila abiria. Yeye ni mwendesha boda, stegi yake iko Garsen mjini, na saa hiyo huwa harudi. Hakuzima injini.

"Mathe yuko wapi?"

"Yuko shambani. Kuna nini?"

Akanionyesha simu yake. Dama alikuwa pale, mkono ukikata hewa. Chini yake mtu ameandika: Mama huyu yuko Garsen, anawafundisha watu kukata ng'ombe zetu na sisi wenyewe.

"Iko kwenye magrupu yote," alisema. "Hola, Bura, Garissa. Msee wa Bura kanitumia, hajui hata ni mamangu. Anauliza kama namjua." Akapangusa jasho. "Nani mjinga karekodi hii kitu akaikata hapo?"

Mitchelle alikuwa ananyonya, akaliachia titi akanitazama. Nikasema, "Sijui." Neno hilo moja. Alipokwenda shambani kumwita mama yake niliingia ndani, nikaifuta video ile kwenye simu yangu, kama kwamba nikiifuta kwangu itafutika Garissa. Nikampigia Kadii. Akaanza kulia kabla sijasema. Alikuwa ameiondoa tangu asubuhi, lakini jirani yake aliichukua, na jirani wa jirani.

Dama alikuja na jembe begani. Aliitazama video mara moja. "Uko sawa," alisema. "Mguu nimeupata." Kisha akaketi kwenye kigoda, jembe likiwa bado mkononi.

Nzai hakutaka maneno mengi. "Mama, sema ni Jairus. Turekodi sasa hivi, useme maneno si yangu, ni ya Jairus wa hapa, niitume."

"Halafu?"

"Halafu wakuache wewe."

"Waende kwa Jairus." Alikuwa akikwaruza tope kwenye jembe kwa kijiti. "Jairus ana watoto watano na mguu mmoja mzima. Atakimbilia wapi?"

"Na wewe utakimbilia wapi?"

Akakitupa kijiti. "Nikimtaja mmoja, mwanangu, nani ataniachia tena maneno yake? Watayabeba wenyewe. Wataenda nayo malishoni."

Nzai alimpigia chifu, chifu akasema yuko kwenye mkutano Hola, tutulie, atakuja kesho. Kesho yake hakuja. Mke wa Jairus alipita kwa uani, leso kaishika mdomoni. Hakuketi. Alisema tu, "Mama Nzai, nakuomba," akarudi. Jairus mwenyewe sikumwona. Mlango wao ulifungwa, na jogoo wao alikuwa akihangaika nje akitafuta maji.

Hofu ya siku mbili zile sijui niiandikeje. Sikuwa naogopa kitu kimoja. Nilimwogopa kila mwenye pikipiki. Niliogopa ng'ombe wakilia. Na zaidi ya yote niliogopa kwamba Dama hajui ni mimi niliyerekodi, kisha nikaogopa asije akajua. Mara nne nilifungua mdomo. Mara ya nne alisema, "Unataka kusema nini, Mama Mitchelle?" nikasema, "Chumvi imeisha."

Ijumaa, baada ya swala ya mchana, Nzai akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona na nyuma yake zilisikika honi. "Wasee wawili wamefika stegi na pikipiki ya Bura. Wameuliza huyu mama wa video ni nani."

"Mkasemaje?"

"Mimi nilikuwa napeleka mteja. Wameulizwa wenzangu, nani alisema hivi, nao wakajibu vile tunavyojibu siku zote." Nilisikia pumzi yake. "Wamesema, Dama alisema. Tena wakacheka. Wakawaonyesha njia. Mtoe mama hapo, nakuja!"

Nilikimbilia mlangoni na simu mkononi. Dama alikuwa uani akipepeta mchele, na pikipiki ilikuwa imeshaingia.

Walishuka wawili. Mmoja mtu mzima kidogo, ndevu za kahawia kwa hina, ametulia. Mwingine kijana wa miaka ishirini na kitu, macho mekundu, na chupa ya plastiki ya lita moja imechomekwa kwenye koti. Harufu ya petroli ikanifikia mlangoni.

"Asalaam aleikum," alisema yule mkubwa.

"Waaleikum salaam. Karibuni," Dama akasema, akaweka ungo chini, akawatandikia mkeka. Kisha akanigeukia. "Mama Mitchelle, wape wageni maji."

Niliwapa. Yule mkubwa alikunywa yote. Yule kijana hakuyapokea. Walijitaja: mkubwa ni Abdikarim, kijana ni Fahad. Majirani wakaanza kujikusanya ukingoni mwa ua, wanawake na wazee, hakuna aliyeingia.

Fahad akaiwasha simu. Sauti ya Dama ikajaa uani. Alisubiri mpaka mwisho, sekunde zote thelathini na nane.

"Ni wewe?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Sauti ni yangu."

"Na maneno?"

"Maneno niliyabeba."

"Ya nani?"

Dama akauvuta ungo karibu.

"Nakuuliza ya nani, mama."

"Hilo siwezi kukwambia, mwanangu."

"Basi ni yako." Akamgeukia mwenzake. "Si nilikwambia?"

"Nani aliyerekodi?" Abdikarim akauliza. "Mbona imeanza katikati?"

Sijui nilipata wapi miguu. Nilitoka mlangoni na mtoto kifuani nikasema, "Ni mimi. Ni mimi niliyemrekodi. Kulikuwa na mtu kasema kabla yake, na Mzee Bonaya alijibu baadaye, wakapatana. Simu yangu ilijaa. Nilimtumia dada yangu kwa kumsifu tu."

Dama aligeuza shingo akanitazama. Sitaki kusema alivyonitazama.

"Unamfunika mama yako," Fahad akasema. "Hata mimi ningesema hivyo." Sauti yake ilipanda, akasimama, na Kiswahili kikamtoka kabisa, akaingia kwenye Kiorma. Alisema kwa muda mrefu. Mkono wake ulikuwa juu ya ile chupa. Mara mbili alinyoosha kidole kwenye makuti ya nyumba yetu, mara moja kwangu. Mimi nilishika maneno machache tu, ng'ombe, baba, moto. Watu wa uani walikuwa wanaulizana, anasema nini? Anasema nini huyu?

Alipofika mwisho alikuwa anahema. Dama aliinuka kutoka kwenye kigoda. Nilidhani anakimbia. Nikatamani akimbie. Akajifunga leso kiunoni, akatugeukia sisi, mimi na majirani, akampa Fahad mgongo. Mabega yake yakapanda. Kidevu kikatoka mbele. Macho yake nilipoyaona hayakuwa ya mtu ninayemjua.

"Baba yangu alikuwa na ng'ombe kumi na moja," alisema, na sauti ilikuwa ya kijana. "Mwezi uliopita, huko juu, wamewakata wanne miguu. Hawakufa. Baba... baba alikaa nao kutwa nzima, anawafukuzia nzi. Jioni tukawachinja. Tangu siku hiyo hajasema neno. Nampa chai, anaishika mpaka inapoa. Mimi ndiye mtoto wake wa kiume na sijui aliyefanya ni nani, sina wa kumshika. Halafu nafungua simu namwona huyu mwanamke, anasema kwa lugha ya mama yangu, kwa ulimi wa mama yangu kabisa, kwamba atakata. Nimekuja na petroli."

Kidole chake kikanyooka kwenye makuti. Sauti haikupungua hata kidogo.

"Nitaichoma nyumba hii. Nitaichoma na waliomo. Huyo mwenye mtoto asinionyeshe mtoto, baba yangu naye ni mtu. Huyu mwanamke nataka akae atazame inavyoungua, kutwa nzima, halafu nione kama atapata neno la kusema."

Mitchelle alipasua kilio. Alikuwa amezoea sauti ya bibi yake tangu azaliwe, na ile haikuwa yake. Alijificha kwapani mwangu, nami sikujua nimtulizeje, kwa kuwa kile kidole kilichonyooshwa juu ya mtoto wangu kilikuwa cha mkono uliomkata kitovu. Mwanamke mmoja uani alianza kuomba kwa sauti. Machozi yalikuwa yanamtiririka Dama. Nikamtazama Fahad, naye yalikuwa yanamtiririka, wote wawili kwenye shavu la upande ule ule, na hakuna aliyeyafuta.

Dama alibaki pale pale, mgongo kwa wageni, mkono ukishuka polepole.

Abdikarim ndiye aliyesema kwanza. "Hivi ndivyo ulivyofanya na yule mwingine?"

"Ndivyo," Dama akasema. Sauti ilikuwa bado nzito, ya katikati, nusu ya Fahad na nusu yake.

"Hukuongeza kitu," Abdikarim akasema. "Hata pale alipokwama kwa baba yake, umekwama." Akatikisa kichwa. "Lakini yule mwingine ni nani, mama? Utuambie tu tujue."

Dama alimgeukia Fahad. "Mwanangu, kesho polisi wakija, au vijana wa hapa wakija, wakiniuliza ni nani alitaka kuichoma nyumba yangu na mjukuu wangu ndani, niwaambieje?"

Fahad aligeuza macho ukingoni mwa ua. Majirani pale uani walikuwa tayari wanaongezeka, na wawili walikuwa na mapanga. Aliwaona. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye anaogopa, kwamba pengine ameogopa tangu walipotoka Bura.

"Usinitaje," alisema.

"Sitakutaja."

Akaketi chini, pale kwenye mkeka, akashika kichwa. Nilisikia mlio wa pikipiki ya Nzai, akaingia nayo mpaka karibu na jiko, akaruka. Dama akamwinulia kiganja. "Ni wageni," alimwambia. "Wanaondoka." Kisha akawaendea wale wenye mapanga, sikusikia aliyowaambia, ila niliona wakirudi nyuma hatua mbili, tatu.

Kabla hawajaondoka Abdikarim alishika simu yake akasema kwa Kiorma, ujumbe wa sauti, mrefu. Nzai alinieleza baadaye kwamba alisema mama wa video ni mfuatishaji, amemwona kwa macho yake, maneno si yake, mtu asije akamgusa. Alisema atautuma kwenye kila grupu alilomo. Nilitaka kuurekodi na mimi, nikainua simu, na Fahad akaruka kama kaumwa na nyoka. "Mimi usinichukue! Nakuomba, usinichukue!" Nikaiweka simu chini. Alichomoa ile chupa kwenye koti, akafungua tangi la pikipiki yao, akaimimina petroli yote humo, nyingine ikamwagika kwenye mchanga wetu. Wakaenda.

Ujumbe wa Abdikarim ulitumwa. Lakini mtu akinitumia mwanamke anayekata hewa kwa mkono, nitamtazama. Akinitumia dakika nne za mtu mzima anaeleza, sijui. Video ile ipo mpaka leo. Wiki iliyopita Nzai aliiona imeandikwa Lamu, na juzi imeandikwa kwamba ni ya mwaka jana. Kila mara inapata watu wapya wa kuikasirikia. Dama haendi Garsen sokoni tena, mimi ndiye naenda, nikirudi ananiuliza, "Kuna mtu kauliza?" nasema hapana. Mara moja nilisema hapana na haikuwa kweli.

Kunisamehe, hakusema kwamba amenisamehe. Jioni ya Ijumaa ile aliomba apewe mtoto. Nilipomnyooshea, Mitchelle alipiga kelele akanishika nywele. Siku ya pili hivyo hivyo. Dama alikuwa akikaa mbali kidogo, kwenye kigoda, akiongea kwa sauti yake ya kawaida mambo yasiyo na maana, kuku, mvua, jirani, ili asikike tu. Siku ya nne mtoto alimwendea. Alimpokea bila kuniangalia, akasema, "Simu yako ikijaa tena, iache mfukoni."

Jairus alitoka asubuhi moja akang'oa mistari yake miwili ya mahindi kwenye malka. Aling'oa peke yake, akijivuta na ule mguu, mabua akayatupa upande wa shamba lake. Alipopita kwetu alisimama, kofia mkononi. Dama alimuuliza habari za watoto. Akasema wazima. Basi, akaenda.

Jana kulikuwa na mkutano mwingine josho, habari za ng'ombe waliozama matopeni. Nilimwomba Dama asiende. Nzai alimkataza waziwazi, kwa ukali ambao sijawahi kumsikia nao mbele ya mama yake. Dama alioga, akajifunga leso yake ya bluu, akanitaka nimbebee karai kubwa la kufulia. Mlangoni pa josho akaniketisha nalo. Kila aliyeingia aliweka simu yake humo, wakulima na wafugaji, Mzee Bonaya wa kwanza, na wazee wengine walicheka, vijana walinuna. Zilifika kama arobaini.

Nilikaa nje na karai mapajani na Mitchelle mgongoni. Simu zilikuwa zinatetemeka chini ya simu nyingine, zinaita, zinanyamaza, zinaita. Moja iliwaka namba isiyo na jina, ikaita mara sita mfululizo. Sikuigusa. Nilikuwa naitazama barabara. Pikipiki mbili zilipita bila kusimama, na ya tatu ikapunguza mwendo, dereva akatutazama, akaendelea.

Ndani mtu alikuwa amesema yake kwa sauti ya chini, amemaliza. Nikasikia Dama anasafisha koo na kuinuka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, ya hasira. Sikuijua ni ya nani. Nikaishika miguu ya mwanangu iliyoning'inia kiunoni kwangu, nikasikiliza atasema nini.